Kijiji cha wastaafu York, Uingereza: wazee wanavyoishi, wanacholipa, na kwa nini wanahamia mapema

Binti Ruvuma (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu ndani.

Kila ukianzishwa uzi kuhusu wazee wa Ulaya, ukurasa wa kwanza haujaisha mtu ameshaandika kwamba wazungu wanawatupa wazazi wao. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani hapa York, kaskazini mwa Uingereza, na maneno hayo yananiuma. Yanatuzuia kuona jambo ambalo wenzetu wamelihangaikia miaka mingi, na ambalo sisi nasi litatufikia. Leo nataka nieleze kijiji cha wastaafu ni kitu gani hasa, maana wengi hukichanganya na nyumba ya kulelea wazee.

Nyumba ya kulelea wazee unaingia ukiwa umeshachoka: unapewa chumba, unalishwa, unaogeshwa, unapewa dawa kwa saa zake. Kijiji cha wastaafu unaingia kwa miguu yako, na mwenzio kama unaye, na makochi yako, na paka wako. Una nyumba yako, mlango wako, jiko lako. Ila nyumba yenyewe imejengwa kwa kufikiria siku ambayo magoti yatagoma. Milango ni mipana, kiti cha magurudumu kinapita. Hakuna kizingiti cha kujikwaa. Soketi za umeme ziko usawa wa kiuno ili usiiname. Bafuni inaning'inia kamba nyekundu ya kuomba msaada, ina vishikio viwili vya pembetatu: kimoja usawa wa mkono wa mtu aliyesimama, kingine karibu kabisa na sakafu. Hicho cha chini ndicho chenye kazi, kwa sababu mtu akianguka mkono wake unakuwa huko. Wanaofanya usafi hupenda kuifunga fundo juu isiwasumbue wakati wa kupiga deki. Mimi nikiingia kwa mzee nikaikuta imefungwa, naifungua kabla sijavua koti.

Sasa York. Ni mji wa kale kweli kweli. Warumi waliuanzisha mwaka 71 kwa jina la Eboracum. Konstantino alitangazwa kaisari hapa mwaka 306, na Waviking, wavamizi wa baharini kutoka kaskazini mwa Ulaya, wakauteka mwaka 866. Kuta za mawe za zama za kati bado zinauzunguka kwa zaidi ya kilomita 3, na kanisa kuu la Minster unaliona kutoka mbali kabla hujafika. Watalii wanamiminika mwaka mzima. Lakini mtembeze mzee wa miaka 84 kwenye kichochoro cha Shambles, na kile kigari chake cha kutembelea, ndipo utauelewa mji huu upya. Mawe ya barabarani yanarusha magurudumu, njia ni nyembamba, umati unasukumana. Juu ya kuta kunapandwa kwa ngazi, na sehemu nyingi upande wa ndani hazina hata reli ya kushika.

Kuna jambo jingine watalii hawalijui. Mwaka 2021 halmashauri ya jiji iliamua kuwazuia kwa kudumu wenye beji ya buluu, yaani watu wenye ulemavu wanaoruhusiwa kuegesha gari karibu, wasiingie na magari kwenye mitaa ya katikati inayotengwa kwa waenda kwa miguu. Hoja ilikuwa usalama dhidi ya mashambulizi ya magari. Walemavu na wazee walipambana, wakaandamana, na uongozi wa halmashauri ulipobadilika baada ya uchaguzi wa 2023, ruhusa ilirudishwa Januari 2024. Katika kipindi hicho wapo watu waliozaliwa York ambao katikati ya mji wao palikuwa hapafikiki tena.

Ndiyo sababu kijiji kinachojulikana zaidi hapa hakiko ndani ya kuta. Kiko New Earswick, mwendo mfupi wa basi kaskazini mwa mji, kinaitwa Hartrigg Oaks. Kilifunguliwa mwaka 1998, kina banglo 152, na katikati yake kuna jengo lenye mkahawa, maktaba, na vyumba vya uangalizi kwa wale ambao hawawezi tena kukaa peke yao. Kilikuwa cha kwanza cha aina yake Uingereza, kwa maana ya kijiji kinachokuchukua ukiwa mzima na kuendelea na wewe hadi mwisho bila kukuhamisha.

Malipo yake ndiyo yanafaa kusomwa polepole. Kuna ada ya makazi, ambayo wengi huilipa mara moja wakiingia, mara nyingi baada ya kuuza nyumba waliyolelea watoto. Ukichagua ile inayorudishwa, ukifariki au kuondoka pesa inarudi kwako au kwa warithi wako, bila kuongezeka. Halafu kuna ada ya jumuiya, inayolipwa wakati wote na kupangwa kwa kutazama umri ulioingia nao. Hii ya pili wote wanaichangia kwenye kapu moja. Anayebaki na nguvu hadi miaka 90 analipa, na anayepata kiharusi mwaka wa pili analipa, na kwa anayehitaji kuhudumiwa zaidi ada haipandi kwa sababu ya ugonjwa wake. Ni mchango wa watu wazima kubebana, kama tunavyochangiana misiba, ila huu unachangwa mhusika akiwa hai.

Kapu kama hilo haliwezi kusimama kama kila anayeingia ni mgonjwa tayari. Kwa hiyo unaanzia miaka 60, na hali yako ya afya inaangaliwa kabla. Hapo ndipo watu wengi wanachelewa, weusi kwa weupe. Wanasema "bado bado", halafu siku moja wanaanguka kwenye ngazi za nyumba yao ya ghorofa, hospitali haiwezi kuwarudisha kule, na wanapelekwa popote penye kitanda. Mtu aliyehamia akiwa na miaka 68 amechagua mwenyewe. Aliyehamishwa na gari la wagonjwa akiwa na 85 amechaguliwa.

Nakaribisha maswali.

---

Sauti ya Nyikani

Umeandika vizuri dada, ila swali langu ni jepesi. Watoto wako wapi? Mama yangu ana miaka 79, yuko kwangu Dodoma, wajukuu wanamletea maji ya kunawa. Nikimwambia kuna kijiji cha wazee atadhani nimemchoka. Pesa si kila kitu.

---

Binti Ruvuma

Kaka Sauti, Mungu amtunze mama, na wewe akubariki kwa kumtunza. Sijaja kumwambia mtu amtoe mama yake nyumbani.

Watoto wapo. Jumapili maegesho yanajaa magari yao. Wengine wako London, mwendo wa saa mbili hivi kwa treni, wengine Australia. Lakini nikuambie ninachokisikia kwa wazee wenyewe, maana wao ndio wenye neno hapa. Wengi wanasema hawataki binti yao awaogeshe. Wanataka binti aje wanywe chai, wagombane kuhusu siasa, aende. Kuogeshwa wanataka mtu kama mimi, anayelipwa, ambaye hawana deni naye. Kwao hiyo ni heshima, na baada ya kukaa nao nimeiamini kuwa ni heshima ya kweli hata kama si ile niliyolelewa nayo Songea.

Na tukumbuke, anayemwogesha mama kwako ni nani? Kwa kawaida si wewe. Ni mkeo, au dada wa kazi, au dada yako aliyeacha shughuli zake. Hilo nalo lina gharama, ila haliandikwi popote.

---

Mwana wa Kaimosi

Salamu kutoka Vihiga. Huu uzi umenigusa kwa njia ambayo pengine mwenyewe hukutarajia. Hao waliojenga New Earswick ni Quakers, dhehebu la Kikristo, ama Friends kama tunavyojiita hapa kwetu. Mimi ni Friend, na baba yangu, na babu yangu.

Joseph Rowntree, mwanzilishi wake, alikuwa mwenye kiwanda cha chokoleti hapo York. Kiwanda hicho ndicho kilichotoa KitKat mwaka 1935, ingawa yeye alikuwa amefariki 1925. Mwanawe Seebohm alizunguka nyumba za wafanyakazi wa York, akachapisha matokeo mwaka 1901: karibu asilimia 28 ya watu wa mji walikuwa maskini wa kukosa mahitaji ya mwili, na ukongwe ulikuwa moja ya sababu. Mwaka uliofuata ujenzi wa New Earswick yenyewe ukaanza, wasanifu wakiwa Raymond Unwin na Barry Parker. Kila nyumba ilipewa bustani, na kwenye bustani miti miwili ya matunda. Mwaka 1906 Rowntree akawaanzishia wafanyakazi wake mfuko wa pensheni, kabla serikali haijapitisha sheria ya pensheni ya wazee mwaka 1908.

Mwaka huo huo wa 1902 ndio Friends watatu kutoka Marekani walifika Kaimosi, na leo Kenya ina Quakers wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Sisi tulipata shule na hospitali. Hili la makazi ya wazee bado hatujalifikia, na nadhani mikutano yetu ya mwaka inafaa ilijadili, kwa sababu vijana wetu wako Nairobi na Qatar na wazee wamebaki vijijini wakilindwa na majirani.

---

Binti Ruvuma

Asante sana ndugu Mwana wa Kaimosi. Niongezee: hapo hapo York ndipo William Tuke, naye Quaker, alipofungua The Retreat mwaka 1796, mahali pa wagonjwa wa akili ambapo walitendewa kama watu badala ya kufungwa minyororo. Na nyuma zaidi, ukiingia jumba la wafanyabiashara la Merchant Adventurers, lililoanza kujengwa mwaka 1357, chini ya ukumbi kulikuwa na hospitali ya maskini na wazee. Matajiri wanafanya mikutano juu, wazee wamelala chini yao. Mji huu umekuwa ukijiuliza swali la wazee kwa zaidi ya miaka 600.

---

Mhasibu wa Reading

Nipo Uingereza muda mrefu na kazi yangu ni hesabu, kwa hiyo niruhusuni niwape upande wa mikataba. Alichoeleza mleta uzi ni mfumo wa taasisi isiyotafuta faida. Vijiji vingi nchini hapa haviko hivyo. Ni vya makampuni, na unachonunua ni haki ya kukaa kwa muda wa miaka mingi kwenye jengo la mwingine. Ukiingia tazama mambo haya.

Kwanza ada ya kuondoka. Nyumba ikiuzwa, kampuni inakata sehemu ya bei. Hukatwi ukiwa unaishi humo, inakatwa nyumba ikiuzwa, mara nyingi na warithi, na ndiyo maana watu hawaisomi. Tume ya Sheria ya Uingereza ilitoa ripoti mwaka 2017 ikitaka ada hizi zitajwe wazi mapema, mnunuzi ajue kabla hajaipenda nyumba. Mwenye duka mmoja ninayemfanyia hesabu mama mkwe wake alifariki, nyumba ikakaa muda mrefu bila mnunuzi, na ada ya huduma ikaendelea kudaiwa kila mwezi kwa nyumba tupu. Hakuna aliyewadanganya. Iliandikwa, hawakuisoma.

Pili, pango la ardhi, yaani kodi anayolipwa mwenye kiwanja. Kwa mikataba mipya ya nyumba za wastaafu limefutwa tangu tarehe 1 Aprili 2023. Lakini ukinunua ya zamani kwa mtu, mkataba wa zamani unaweza kuwa nalo bado. Uliza.

Tatu, na hili ndilo linalowakuta Watanzania na Wakenya wengi waliozeekea huku: England, ukiwa na mali ya zaidi ya pauni 23,250, ukihitaji uangalizi unajilipia mwenyewe. Ukihamia nyumba ya kulelea kwa kudumu, nyumba yako inahesabiwa, isipokuwa mwenzi wako, au ndugu mwenye miaka 60 na kuendelea, bado anaishi humo. Mpango wa kuweka kikomo cha pauni 86,000 kwa kile mtu anachojilipia kwa uangalizi maisha yake yote ulifutwa Julai 2024. Kwa hiyo yule anayesema "nina kanyumba kangu, nitawaachia wanangu" afanye hesabu upya.

---

Mtoto wa Sebleni

Assalaam alaykum. Nataka kusema kwamba si jambo geni kwetu kama watu wanavyodhani. Unguja zipo nyumba za wazee Sebleni tangu enzi za Mzee Karume, na nimekulia karibu nazo. Na Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na kuendelea anapata pensheni jamii, hata kama hajawahi kuajiriwa, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kiasi ni kidogo, lakini nimeona bibi anavyoitegemea na anavyofurahi kumnunulia mjukuu daftari kwa pesa yake.

Tofauti ninayoiona na hiki kijiji cha York ni kwamba kwetu makazi ya wazee ni ya asiye na mtu. Ndiyo maana yana aibu. Huko anakwenda mwenye watu na mwenye nyumba. Hebu dada tuelezee wasio na nyumba ya kuuza wanakwenda wapi.

---

Binti Ruvuma

Wa alaykumu salaam. Swali zuri mno, na ndilo linaloninyima raha kuhusu mpango wote huu. Hartrigg Oaks ni ya wenye kitu. Mwalimu mstaafu aliyenunua nyumba miaka ya 1970 anaweza. Mfagiaji aliyepanga maisha yake yote hawezi.

Kwa hao kuna nyumba za kupanga zenye msaada, za halmashauri au za vyama vya nyumba. York ipo mfano Glen Lodge, mtaa wa Heworth: fleti zako mwenyewe, wahudumu wapo jengo hilo hilo, kodi inaweza kusaidiwa na serikali ukiwa huna uwezo. Pensheni kamili ya serikali ya mfumo mpya kwa mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, na mwenye kuhitaji msaada wa mwili aliyevuka umri wa pensheni anaweza kuomba posho ya uangalizi, ambayo haitazami kipato. Wazee wetu wengi hawaiombi. Wanaona ni kuombaomba. Tuwasaidieni kujaza hizo fomu, ni haki yao.

Nyumba hizo ni nzuri, na kazi ninayoifanya humo ni ile ile. Ila nafasi ni chache na kinachokosekana ni ule uhakika wa kapu. Ukizidiwa sana, unaweza kuhamishwa.

---

Kijana wa Mbagala

Dada mimi sitaki maneno mengi, nafasi za kazi zipo? Nina cheti cha uuguzi na pasipoti.

---

Binti Ruvuma

Mdogo wangu, nikuambie ukweli usipoteze pesa. Njia ya viza kwa wahudumu wa wazee wanaoajiriwa kutoka nje ilifunguliwa Februari 2022, ikabanwa Machi 2024 wasilete familia, na tangu tarehe 22 Julai 2025 maombi mapya kutoka nje ya nchi yamefungwa. Dalali yeyote anayekuambia anakuuzia cheti cha udhamini cha kazi hizi sasa hivi anakuibia. Wauguzi waliosajiliwa wana njia nyingine, lakini hiyo inahitaji usajili wa Uingereza na mitihani, na cheti pekee hakitoshi. Soma kwenye tovuti ya serikali yao yenyewe.

---

Mama Leicester

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi nataka kuwasemea wazee wetu tulio nao huku.

Leicester walikuja Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972, na wengine kutoka Kenya na Tanzania. Sasa ndio wazee. Nina bibi mmoja ninayemhudumia, Mgujarati wa Jinja, ugonjwa wa kusahau umemla Kiingereza chote. Wenzangu walisema haongei. Siku moja nikawa namvalisha soksi huku nahesabu kwa Kiswahili, moja, mbili, akaendelea mwenyewe: tatu, nne, tano. Akafika kumi. Akaniuliza, "Chai iko?" Tangu siku hiyo nimeandika kwenye faili lake kwamba mama huyu anaelewa Kiswahili, na asubuhi anahesabiwa kwa Kiswahili.

Kwa hiyo anayefikiria kijiji cha wastaafu, mji wowote, aulize: kuna mtu atakayenielewa siku nikirudi kwenye lugha ya mama? Chakula je? Mahali pa kuswali? Hivi vitu havimo kwenye vipeperushi.

---

Binti Ruvuma

Mama Leicester, marahaba na Mungu akuzidishie. Nilipokusoma niliinuka kwenda kuangalia faili za wazee wangu kama nimeandika lugha zao.

York kwa upande huo bado ni nyembamba. Watu wetu ni wachache. Msikiti upo Bull Lane, ule uliojulikana mwaka 2013 kwa kuwatolea chai na biskuti watu waliokuja kuandamana dhidi yake. Lakini mzee Mswahili angekuwa mpweke hapa kwa lugha. Kama ni mama yangu, ningemtafutia Leicester au London kabla ya York, pamoja na uzuri wake wote.

---

Jicho la Ziwa

Mimi niko Leeds, mama yuko nami, ana miaka 71, anatembea vizuri, na ameuza nyumba yake. Anataka mwenyewe kuhamia kijiji karibu na York kwa sababu ya kwaya ya Minster. Tuanzie wapi?

---

Binti Ruvuma

Miaka 71 anatembea ni wakati mwafaka kabisa. Fanyeni hivi.

Mwombeni meneja amruhusu mama alale pale siku chache. Vijiji vingi vina chumba cha wageni. Aende majira ya baridi, Januari au Februari, jioni giza likishaingia, ndipo aone kama watu wanatoka kwenda kwenye mkahawa au kila mtu amejifungia. Mei kila mahali pazuri.

Someni ripoti ya wakaguzi wa serikali, CQC, kuhusu huduma ya pale, na mtazame tarehe yake, maana daraja zuri la miaka sita iliyopita halisemi kitu kuhusu wafanyakazi wa leo.

Mwulizeni meneja moja kwa moja: mama akipata ugonjwa wa kusahau atabaki hapa? Jibu litoke kwenye mkataba, lisiwe la mdomo la muuzaji. Ombeni ada zilivyopanda miaka iliyopita, mwaka kwa mwaka.

Angalieni ramani ya mafuriko. York ina mito miwili, Ouse na Foss, na Desemba 2015 maji ya Foss yaliingia majumbani baada ya mitambo ya kuyazuia kushindwa. Kituo cha basi kiwe karibu, kwa sababu akiwa na pasi ya wazee anasafiri bure kuanzia saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi, na kwaya ya Minster huimba ibada ya jioni siku nyingi za wiki wakati wa mihula, kuingia hapo hakuna kiingilio.

Na kabla hajasaini, mchukue wakili wenu wenyewe, asiwe yule anayependekezwa na kampuni. Nitumie ujumbe ukipata tarehe ya kwenda. Kama siko zamu nitakuja tuzunguke naye.